Nyundo Niliyoizima kwa Maji

Mwezi uliopita vijana watatu wa chuo cha ufundi walinijia nyumbani na karatasi. Mwalimu wao alikuwa amewaandikia kwamba vitu vyote ambavyo fundi hushika vinagawanyika mafungu manne: metali, plastiki, kauri, na vile vya kuchanganywa. Walitaka niwaeleze kila fungu lina tabia gani. Niliwaambia nitawaandikia, kwa sababu nikiongea huwa napotea njia. Sasa naandika na bado napotea. Daftari hili lina kurasa nilizochana.

Niseme mapema kwamba niliacha shule darasa la saba. Mengine nitakayosema huenda kitabu chenu kinayasema vizuri zaidi. Tukipishana, fuateni kitabu, isipokuwa pale nitakapowaambia kwamba kitu nilikijaribu kwa mkono wangu. Nilichomelea vyuma mjini Migori tangu nikiwa na nywele nyeusi mpaka macho yalipoanza kukataa. Hiyo ndiyo shahada yangu.

Mjue pia kwa nini nilikubali kuandika. Kuna mtu anaitwa Ouko, aliyekuwa anaendesha mashine ya kusaga unga pale Rodi Kopany. Alipoteza kazi kwa sababu ya kipande cha chuma nilichokitengeneza mimi. Nilikuwa nimesimama hapo alipoachishwa, nilikuwa nimeona kitu, na nikanyamaza. Nitafika huko. Lakini hamtaelewa kosa langu kabla hamjaelewa chuma, kwa hivyo tuanze na chuma.

Aliyenifundisha ni mzee Chacha, Mkuria wa upande wa Kehancha. Karakana yake ilikuwa mabati manne na fuawe moja ya kipande cha reli. Hakujua habari ya mafungu manne. Alikuwa anakurushia kipande cha chuma kifuani na kuuliza, "Huyu ni nani?" Hakuuliza ni nini, aliuliza ni nani, kana kwamba chuma kimekuja kutembea na hakijasema kwao ni wapi.

Ulitakiwa ujibu bila kubahatisha. Kwanza unakining'iniza na kukigonga, usikilize. Pili unakipitishia tupa, uone kama tupa inauma au inateleza. Tatu unakipeleka kwa grainda na kutazama cheche. Nondo na vyuma laini hutoa cheche ndefu zilizonyooka, rangi ya manjano. Springi ya lori hutoa cheche zinazochanua mwishoni kama kichaka cha miiba. Chuma cha kumimina, kile cha puli kubwa na majiko mazito ya zamani, hutoa cheche fupi nyekundu zisizo na haraka. Mwisho unachukua magneti iliyotoka kwenye spika ya redio iliyokufa. Ikishika, umepunguza wageni. Isiposhika, una alumini, au shaba, au vile vyuma vya sinki za hotelini, ingawa vingine hushika kidogo na kukuchanganya. Vilinichanganya mimi zaidi ya mara moja.

Kosa langu la kwanza la kukumbukwa lilikuwa juu ya chuma cha kumimina. Mtu alileta puli iliyopasuka ukingoni. Nilikuwa na mwaka mmoja kazini na nilidhani nimemaliza kujifunza. Niliichomelea kwa elektrodi ya kawaida, mstari ukatoka mzuri, nikausugua kwa brashi mpaka ukang'aa. Nikaiweka nje ipoe kwa upepo. Mwenyewe alipoinama kuichukua tukasikia mlio mdogo, tii, kama kikombe kinachotiwa maji ya moto. Ilikuwa imepasuka tena, ubavuni mwa mstari wangu, mstari wenyewe ukiwa mzima kabisa.

Mzee Chacha akaja, akatazama. "Umeivalisha shanga shingoni," akasema. "Imekufa ikiwa imependeza."

Ndipo akanieleza. Chuma cha kumimina kinabeba uzito mkubwa ukikikalia, lakini hakipendi kuvutwa. Ukichoma mahali pamoja tu, pale panapanuka na kunywea wakati sehemu nyingine imekaa baridi, na chuma kinajivuta chenyewe mpaka kinapasuka. Tangu hapo nilipasha kitu kizima pole pole, nikachomelea vipande vifupi vifupi, kisha nikakizika ndani ya jivu mpaka kesho yake. Wateja walilalamika kwamba ninazika kazi zao. Niliwaambia waje mazishi.

Alumini nayo ilinifundisha kwa njia nyingine. Kijana wa bodaboda alileta kifuniko cha injini chenye ufa. Nilikipasha moto nikingoja kiwe chekundu kama chuma kinavyokuwa. Alumini haiwi nyekundu, vijana. Inakaa na rangi ile ile, inakutazama tu, halafu inaanguka.

"Fundi, cover yangu iko wapi?" kijana akauliza.

"Iko kwa kiatu yangu," nikamwambia.

Na ilikuwa kweli, iliganda hapo juu ya ngozi. Nilimtafutia kifuniko kingine. Kiatu nilikivaa hivyo hivyo mwaka mzima, na watu walidhani ni urembo.

Juu ya plastiki sitasema mengi kwa sababu sikuishi nayo sana. Najua hivi: bushi ya nailoni kwenye gurudumu la mkokoteni haipigi kelele, haitaki grisi, na haishiki kutu. Ukiiweka karibu na ekzosi inalia machozi. Na jua linaiua pole pole. Mabeseni ya pale Muhuru Bay, yale ya kubebea samaki, yakikaa juani miaka miwili unaweza kuyavunja kwa kidole gumba, na yalipokuwa mapya ungeyakanyaga yakarudi kwenye umbo lake. Kwa hivyo mtu akikuuliza plastiki ina nguvu kiasi gani, muulize kwanza iko wapi, kwenye kivuli au juani, na ina umri gani.

Kauri mnaijua kutoka jikoni. Chungu cha mama yako kinakaa juu ya moto ambao ungeyeyusha kiatu changu, na hakijali. Tofali la tanuri vile vile. Lakini chungu hicho hicho kikianguka kutoka kichwani ni vigae. Hakiwezi kupinda kwanza ili kikuonye. Na vya kuchanganywa mmekuwa mkilala ndani yake tangu mzaliwe: nyumba ya udongo na fito. Udongo unabeba mzigo, fito zinashika udongo usifumuke. Zege na nondo ni habari ile ile. Boti za faiba zilizoingia ziwani ni nyuzi za kioo na gundi. Hata jiwe la grainda, ukilitazama vizuri, ni chembe za kauri zilizoshikwa na gundi, na ndani kuna wavu. Mimi nililiita jiwe miaka yote hiyo, na ni mmoja wenu aliyenisahihisha. Nilimshukuru.

Sasa jambo ninalotaka mlichukue, hata mkiacha mengine yote. Kitu ambacho tupa haikiumi si lazima kiwe kitu kinachostahimili kipigo. Kioo tupa haikiumi. Kipige. Hizo ni tabia mbili tofauti, na mara nyingi ukiongeza moja unapunguza nyingine. Kazi ya fundi wa chuma ni kujua kazi hii inataka kiasi gani cha hii na kiasi gani cha ile.

Nyundo za mashine ya kusaga zinataka zote mbili. Ambao hamjawahi kufungua mashine hiyo, jueni kwamba ndani kuna vibamba vya chuma vinavyoning'inia kwenye ekseli na kuzunguka kwa kasi kubwa sana, vinapiga mahindi mpaka yanapita kwenye matundu ya wavu. Vibamba hivyo ndivyo tunaviita nyundo. Ncha inatakiwa iwe ngumu isilike na mahindi. Shingo, pale penye tundu, inatakiwa iwe laini kidogo isikatike. Sisi tulizitengeneza kutoka springi za lori.

Mzee Chacha alizipa moto mara mbili. Moto wa kwanza unapasha mpaka chuma kiwe chekundu na magneti ikatae kushika, kisha unakizamisha ndani ya oili chafu ya injini. Si maji. Maji yanapoza kwa ghafla, na springi ina tabia ya kujipasua ikishtuliwa. Hapo imekuwa ngumu kupita kiasi, kama kioo. Moto wa pili ni mdogo. Unaisugua ing'ae na kuipasha kuanzia shingoni, ukitazama rangi zinavyotembea juu ya chuma: rangi ya nyasi kavu, kisha zambarau, kisha bluu. Shingo ikifika bluu na ncha ikiwa bado ya nyasi kavu, unasimamisha. "Moto wa kwanza unaipa hasira," alikuwa anasema, "wa pili unaipa akili." Nilifanya hivyo mara nyingi kiasi cha kutohesabu. Siku moja tu sikufanya.

Mashine ya Rodi Kopany ni ya Mama Pamela, mjane anayeuza pia sukari na sabuni pale sokoni. Ni Msabato, na jua likizama siku ya Ijumaa mashine yake hufungwa mpaka Jumapili. Hakuna mtu ambaye hajui. Ijumaa hiyo nyundo zake za zamani zilikuwa zimekwisha, foleni imefika barabarani, na kila mtu anataka unga wa kumvusha Sabato. Alinipigia simu Migori asubuhi. Nilifika saa nane mchana na kipande cha springi, grainda yangu na mkaa. Oili niliiacha, nikidhani hapo nitapata. Sikupata. Mtu wa gereji alikuwa amekwenda matangani na kufunga.

"Fundi, jua hilo," Mama Pamela aliniambia saa kumi na moja. Hakusema kwa ubaya. Alinyoosha kidole tu.

Nilikata nyundo sita. Nilizipasha kwa feni ya kuzungusha kwa mkono, na Ouko ndiye aliyezungusha. Ndoo ya maji ilikuwa karibu. Nilijiambia kwamba patasi zangu za nondo nilizizima kwenye maji maisha yangu yote na hazikuwahi kupasuka. Hiyo ni kweli, lakini nondo na springi hawatoki kwa mama mmoja. Nilizizima kwa maji. Kisha mkaa ukawa umekwisha, na moto wa pili sikuufanya. Nilipitisha tupa, ikateleza kama juu ya chupa. Nikamwambia Mama Pamela, "Hizi zitakula mahindi mpaka meno ya watu yachoke."

Jua likazama kabla hatujazifunga. Akafunga mlango, nyundo zikabaki sakafuni zikiwa na maji, juu ya gunia. Zilikaa hapo Jumamosi nzima. Nimefikiria sana jambo hilo. Nilikuwa nakimbizana na jua, kumbe nyuma yake kulikuwa na siku nzima ambayo ningeweza kutafuta oili. Lakini si haki niilaumu Sabato. Mama Pamela hakuniambia nitumie maji.

Ouko alizifunga Jumapili. Jumanne, kabla ya saa sita, nyundo moja ilikatika shingoni. Ilitoboa bodi ya mashine, ikapita kwenye gorogoro, mkebe wa kupimia mahindi, ambayo mama mmoja alikuwa ameishika kiunoni, ikaingia ukutani. Mama huyo hakuguswa. Mahindi yalimwagika miguuni pake na yeye akabaki ameshika bati tupu. Waliniita kwa simu, na nilipofika alikuwa bado amelishika.

Ndani ya mashine tulikuta nati. Nati ya kawaida ya spana namba kumi na saba, imebonyea upande mmoja. Hiyo nati mpaka leo sijui ilitoka wapi, na sitawadanganya kwamba najua.

Mama Pamela aliiweka juu ya mizani, watu wakiwa wamejaa mlangoni. "Ouko, hii ni nini?"

"Nati, Mama."

"Imeingia aje?"

"Mahindi ya watu inakuja na kila kitu. Juzi nimetoa kijiko ndani ya gunia. Kijiko mzima."

"Na magneti nilikununulia ya kuweka hapo mdomoni iko wapi?"

Ouko akatazama chini. "Fundi wa nguo aliomba. Ya kuokota sindano."

"Kwa hivyo magneti yangu inashona nguo," Mama Pamela akasema, na watu wakacheka, hata mimi. Ouko peke yake hakucheka. Alikuwa ameendesha mashine hiyo miaka sita, na mke na watoto walikuwa wanaishi kwenye chumba cha nyuma kilichokuja na kazi.

Halafu akanigeukia. "Baba Achieng', wewe ndiye fundi. Nati inaweza kukata nyundo?"

Mkononi nilikuwa na kipande kilichokatika. Nilikuwa nimeshatazama jeraha lake. Chuma kikikatika leo, jeraha linakuwa jeupe, na la springi iliyozimwa vibaya linakuwa na chembe kama sukari. Hili lilikuwa jeupe lenye chembe, lakini si lote. Karibu na tundu kulikuwa na sehemu ya rangi ya kahawia, umbo la ukucha. Niliipangusa kwa kidole nikidhani ni grisi na unga. Haikutoka. Nilijiambia pengine ni grisi iliyoungua. Nilijiambia pia kwamba sina uhakika, na ni kweli sikuwa na uhakika.

"Inaweza," nikasema.

Neno lenyewe halikuwa uongo. Nati inaweza. Lakini nilijua linakwenda kufanya kazi gani, na nililiacha liende. Mama Pamela akamwachisha kazi pale pale, na wiki hiyo hiyo Ouko alifunga vyombo vyake na kwenda Muhuru Bay, kwao mke wake. Katika daftari la siku hiyo nimeandika mistari miwili: "Rodi. Nyundo imekatika, nati imepatikana." Juu yangu mwenyewe sikuandika kitu.

Kipande nilikitia kwenye mkebe pale karakana. Ilipita miezi minane. Kisha macho yangu yakawa mabaya, nikaamua kufunga, na nikiwa napanga vyombo vya kugawa nikakutana nacho. Hapo sikuwa na mteja wa kumngoja wala jua la kukimbizana nalo. Nikaona nikijaribu nitajua, na nisipojaribu nitakuwa nimechagua kutojua.

Mabaki ya springi ile ile yalikuwepo. Nilikata vipande sita vingine, saizi ile ile na tundu lile lile. Vitatu nilivizima kwa maji na kuvilaza kwenye gunia bichi siku moja na nusu, bila moto wa pili. Vitatu nilivizima kwa oili na kuvipa moto wa pili kama mzee Chacha alivyonifunza. Kisha nikavibana kwenye vaisi, kimoja kimoja, nikapiga kwa nyundo ya mkono.

Vya oili vilipinda kabla ya kukubali kukatika. Kimoja hakikukubali kabisa. Vya maji viwili vilikatika kwa pigo la kwanza, kama biskuti. Kimoja kati ya hivyo kilikuwa na jeraha jeupe lote. Cha pili kilikuwa na umbo la ukucha karibu na tundu, rangi ya kahawia. Kutu. Cha tatu kilihitaji mapigo mawili, nacho kilikuwa na alama ndogo.

Mnaona maana yake? Kutu haiingii ndani ya chuma kizima. Ili kutu ikae pale, ufa ulikuwa umeshafunguka tangu siku ya maji, na maji yakaingia na kulala humo. Nyundo ya Rodi ilifungwa kwenye mashine ikiwa imeshapasuka. Nyundo nzuri ikikutana na nati inapata kidonda ncha yake, na mashine inapiga kelele, na mwendeshaji anazima. Hii haikuhitaji nati. Hindi gumu lingetosha.

Niliweka vipande vyote ndani ya mkebe na kwenda kwa Mama Pamela. Nilimweleza kama nilivyowaeleza nyinyi, kwa ufupi zaidi. Alikuwa anapima sukari na hakuacha kupima.

"Unaniambia hii leo," akasema.

"Leo."

"Nilikuuliza mbele ya watu."

"Uliniuliza."

Akafunga mfuko, akampa mteja, akangoja aondoke. "Zile nyundo zingine tano uliniwekea ziko wapi?"

"Ulizitoa ulipotengeneza bodi. Zilizomo sasa ni za kiwanda."

"Basi mashine haina shida na wewe." Akachukua kipande chenye alama, akakisogeza kwenye mwanga. Alikitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia kwa mtu asiye fundi. "Hii rangi ndiyo hiyo ufa?"

"Ndiyo hiyo."

"Na ya Ouko ilikuwa nayo?"

"Kipande chenyewe ni hiki," nikasema, nikimpa cha Rodi.

Akakirudisha. "Kijana niliye naye sasa hajakosa kitu. Siwezi kumtoa kwa sababu wewe umefungua mkebe."

Sidhani alikosea. Jioni hiyo, kabla ya kufunga, aliwaambia wanawake waliokuwa kwenye foleni kwamba mashine iliharibiwa na nyundo ya fundi, si na Ouko. Alinitaja kwa jina. Nilikuwa bado nipo, nimekaa kwenye benchi. Kisha akaniambia, "Shida yako iko Muhuru."

Nilikwenda Muhuru Bay Jumatano iliyofuata. Ouko nilimkuta ufukweni akigeuza omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye nyavu, na mke wake, Adhiambo, upande wa pili akiondoa takataka. Amekonda kidogo, au labda ni jua. Tuliongea Kijaluo. Hapa nawaandikia kwa Kiswahili kadiri ninavyokumbuka.

"Jaduong', mzee wangu, umekuja kununua samaki?" akaniuliza.

"Nimekuja na nyundo."

Nilitoa vipande nikavipanga juu ya kreti. Nilimwonyesha cha Rodi kwanza, kisha cha kwangu. Aliendesha mashine miaka sita, hakuhitaji maelezo marefu. Aliigusa ile sehemu ya kahawia kwa ukucha wake.

"Hii ilikuwa imepasuka kabla nifunge."

"Ndiyo."

"Mimi ndiye niliyefunga. Niliishika kwa mkono. Sikuona."

"Usingeona. Ufa ulikuwa mwembamba kuliko unywele. Mimi ndiye niliyepaswa kuigonga na kuisikiliza."

Akakaa chini kwenye mchanga. Nilitegemea hasira, na nilikuwa nimejiandaa nayo. Badala yake aliongea kama mtu anayetafuta kitu mfukoni.

"Wiki ya kwanza nilikataa," akasema. "Nilimwambia kila mtu si mimi. Halafu nikafikiria, fundi amesema inaweza, na fundi anajua. Nikaanza kukumbuka hiyo nati. Nakwambia kweli, nilikumbuka nikiona iko ndani ya mahindi, inapita mkono wangu, na mimi naongea na watu siangalii. Naiona kabisa. Sasa unaniambia hiyo kitu nilikumbuka haikuwa?"

"Nati ilikuwepo. Ilitoka wapi sijui. Lakini si hiyo iliyokata nyundo."

"Na magneti?"

"Magneti ulikosea kuitoa. Hilo siwezi kukuondolea."

Akacheka kwa pua. "Hapo sawa. Hiyo nakubali."

Adhiambo alikuwa amesimama. Alikuwa amesikia nusu, maana upepo wa ziwa ulikuwa unachukua maneno. "Baba Achieng' anasema nini?" akamwuliza mumewe.

"Anasema ni yeye."

Alinitazama, na mimi nikamrudia yote tangu ndoo ya maji. Hakutazama vipande. Aliuliza kitu kimoja: "Umemwambia nani mwingine?"

"Mama Pamela. Naye amewaambia watu wa foleni."

"Mama yake hujamwambia," akasema, na akamwonyesha Ouko kwa kidevu. "Yuko Asumbi. Tangu siku hiyo anawaambia watu mtoto wake aliharibu mashine ya mjane."

Akaosha mikono ndani ya ndoo, akaipangusa kwenye lesso, akatoa simu. Ouko alisema aache, mama analala mchana. Hakuacha. Simu ilipopokelewa alisema maneno mawili tu, kisha akanipa.

Nilianza kueleza habari ya springi na oili. Sauti ya bibi kizee ikanikata: "Sisikii. Ni nani? Ongea kwa nguvu, mtandao ni mbaya."

Nikaongeza sauti. Nikasema nyundo, nikasema maji.

"Sisikii. Umesema maji ya nini?"

Nikaacha springi, nikaacha oili na rangi na kutu, na vyote nilivyowaandikia hapa. Nikavuta pumzi na kupaza sauti kadiri ninavyoweza kwamba mimi ndiye fundi niliyeharibu mashine ya Rodi, na mwanawe hakuiharibu. Ufukweni wanawake waliokuwa wameinamia omena waliinuka mmoja mmoja wakatazama upande wetu.

"Sasa nimesikia," akasema mama yake Ouko. "Ngoja nimwite jirani. Umwambie na yeye."

Nikangoja.